Sisi Sote ni Wapangaji

Dominika ya 18 ya Mwaka C (Lk 12:13-21)



Mkulima wa Ziwani anajua kupanga. Akisha kuokota korosho huzianika, huzichambua, huzipanga: daraja la kwanza kando, la pili kando. Fundi hupanga matofali. Mzazi hupanga matumizi ya mwaka. Na asiye na nyumba mjini Mtwara hupanga chumba. Neno ni lile lile. Ndiyo maana mpangaji ni yule apangaye mambo, na pia ni yule akaaye katika nyumba isiyo yake.

Tajiri wa Injili ya leo aliishika maana ya kwanza, akaisahau ya pili. Alipanga kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Usiku ule ule Mwenye nyumba akaidai roho yake.

Kupanga si dhambi. Lakini yuko apangaye utajiri wake juu ya njaa ya jirani. Mikorosho ingali katika maua, mjane hana unga. Naye huja na kangomba, akanunua mavuno ya msimu mzima kwa chakula cha siku chache. Ndugu zangu, hiyo si biashara. Ni mpangaji kumnyang'anya mpangaji mwenzake, Mwenye nyumba akitazama.

Basi tupange, tukikumbuka kwamba kodi tunayodaiwa ni haki na huruma, na kwamba siku ya kuhama hatuipangi sisi.

Amina.