Mshauri Aliyekataa Kunyamaza



Tumeombwa tuzungumze juu ya uchumi, nasi ni watu wa sheria. Basi tutafanya kama tufanyavyo mahakamani: tutamwita shahidi. Jina lake ni Joseph Stiglitz, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1943 katika mji wa Gary, jimbo la Indiana, mji wa viwanda vya chuma. Tumemchagua kwa kuwa sehemu ya ushahidi wake ilianzia hapa petu. Kati ya mwaka 1969 na 1971, kabla hajatimiza miaka thelathini, alikuwa mtafiti katika taasisi ya maendeleo ya chuo kikuu cha Nairobi.

Vitabu alivyosomea vilifundisha kwamba soko likiachwa huru, mishahara hushuka mpaka kila atafutaye kazi aipate. Nairobi ilimwonyesha umati wa watu wanaotafuta kazi wasiipate. Yeye mwenyewe amesema kwamba muda ule wa Kenya uliyageuza mawazo yake. Akashika swali moja: soko huwaje pale upande mmoja unapojua jambo ambalo wa pili haulijui? Benki haijui kwa hakika ni mkopaji yupi atalipa. Kampuni ya bima haiijui afya ya mteja kama aijuavyo mteja mwenyewe. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na George Akerlof na Michael Spence.

Mwaka 1993 aliacha darasa akaingia serikalini, katika baraza la washauri wa uchumi wa Rais Clinton, na toka 1995 hadi 1997 akawa mwenyekiti wake. Kisha akawa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia. Hapo ndipo kisa chetu kinapoiva.

Mapema mwaka 1997 alifika Ethiopia, wakati wa Waziri Mkuu Meles Zenawi. Bei za bidhaa zilikuwa zimetulia na uchumi ulikuwa ukikua, lakini Shirika la Fedha Duniani lilikuwa limesimamisha mpango wake. Kosa mojawapo la Ethiopia? Ilikuwa imelipa mapema mkopo wa benki ya Marekani wa kununulia ndege, bila kuomba ruhusa. Hebu fikirini: mdaiwa akemewe kwa kulipa deni! Shirika lilitaka pia masoko ya fedha yafunguliwe. Stiglitz aliwatetea Waethiopia huko Washington, na baadaye mikopo ikarejea. Katika kitabu chake cha mwaka 2002 ameitaja Kenya kama onyo: tulilegeza masharti ya fedha, na katika miaka ya 1993 na 1994 pekee benki zisizopungua kumi na nne zikaanguka. (Hapa shahidi wetu amesema nusu tu. Sisi twajua kwamba benki nyingine ziliangushwa na wakubwa waliojikopesha amana za watu.)

Msukosuko wa Asia ulipozuka Thailand, Julai 1997, Shirika lilidai riba zipandishwe na matumizi ya serikali yakatwe. Huko Indonesia ruzuku za chakula na mafuta zilipunguzwa, ghasia zikalipuka, na Mei 1998 Suharto akajiuzulu. Stiglitz alikuwa akipinga masharti hayo waziwazi angali ofisini, jambo lisilosameheka katika majumba yale. Mwanzoni mwa mwaka 2000 aliondoka.

Wakili mwaminifu haufichi udhaifu wa shahidi wake. Kenneth Rogoff, mchumi mkuu wa Shirika, alimjibu kwa ukali katika barua ya wazi mwaka 2002. Mwaka huohuo Stiglitz alishiriki kuandika ripoti iliyosema kwamba hatari ya kampuni ya mikopo ya nyumba ya Fannie Mae kuilemea serikali ilikuwa ndogo mno; mwaka 2008 serikali ya Marekani ikalazimika kuichukua. Kumbe hata mjuzi wa siri za masoko aweza kufichwa.

Kwetu sisi jambo hili lina uchungu wake. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada kwa Kenya, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A kikafutwa. Wapigania mageuzi wengi walishukuru, na walikuwa na haki. Ila ni wafadhili haohao ambao masharti yao yalileta mpango wa kugawana gharama, na tangu mwaka 1989 mgonjwa maskini akatozwa ada hospitalini. Masharti yaliafikiwa faraghani. Raia aliyakuta yamebandikwa dirishani mwa karani. Na Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, swali lilikuwa bado lilelile: nani alikubaliana nini, na nani, kwa niaba ya nani?

Katiba ya mwaka 2010 imetupa zana. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 201 chadai uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Twapendekeza kila parokia na kila kikundi kilichowakilishwa hapa kichague mkopo mmoja unaogusa kaunti yake, kiiandikie Wizara ya Fedha, na kiombe nakala ya masharti yake. Sheria ya mwaka 2016 humpa afisa siku 21 za kujibu. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.