Kujipima Kabla ya Kuchagua

Katikati ya mwaka 2025, wanafunzi wa Gredi ya 9 kote Kenya walifanya jambo ambalo wazazi wao hawakuwahi kutakiwa kulifanya walipokuwa na umri huo. Walichagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kisha wakaorodhesha shule 12 za Sekondari Pevu. Mtihani wa KJSEA, wa mwisho wa Gredi ya 9, ulikuwa bado miezi kadhaa mbele, na matokeo yalitoka Disemba. Mtoto wa Mwabungo au Vanga, kaunti ya Kwale, alitakiwa ajipime mwenyewe kabla Baraza la Mitihani halijampima.

Alijipima kwa kipimo gani? Aghalabu kwa swali lile lile la miaka nenda miaka rudi: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Majibu yanajulikana. Daktari, wakili, rubani. Ukunda, ambako ndege za watalii hushuka karibu na paa za nyumba, si ajabu marubani wakizidi. Swali hilo hupima ndoto, na wakati mwingine ndoto yenyewe si ya mtoto, ni ya shangazi anayelipa karo.

Frank Parsons, Mmarekani aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston, aliacha kitabu kilichochapishwa mwaka 1909, baada ya kifo chake. Alitaka kijana ajijue, azijue kazi zilizopo, kisha apatanishe mambo hayo mawili. La kwanza limeshika sana. La pili husahaulika, na Kwale inajua gharama yake.

Mwaka 2014 shehena ya kwanza ya madini ya titani ya kampuni ya Base Titanium ilisafirishwa kutoka Likoni. Kwa miaka kumi, mgodi ulikuwa ndio habari ya kazi kusini mwa Pwani, na kijana wa Msambweni aliyesema “mimi nitafanya kazi mgodini” alionekana amejipanga. Disemba 2024 uchimbaji ukakoma. Mchanga wenye madini ulikuwa umekwisha. Aliyejipima kwa jina la mgodi alibaki na jina. Aliyekuwa akijua kuchomelea vyuma, kutengeneza mitambo ya umeme, kuendesha tingatinga au kupima sampuli kwenye maabara alikuwa na kitu cha kubeba hadi Dongo Kundu, bandarini Mombasa au kwingineko.

Hata “kazi ya hoteli” ya Diani ni jina tu. Chini yake wamo mpishi, fundi wa friji na viyoyozi, mtunza bohari, mhasibu na mwongoza wageni. Mvua za masika zikianza na wageni wakapungua, hawaathiriki sawa: fundi wa friji anaweza kupata kazi kwa wauza samaki, ilhali mwongoza wageni hana wa kumwongoza.

Kwa hiyo kipimo chenye maana huanza na vitendo. Ni kazi gani mtoto ameifanya bila kusukumwa, akaimaliza, na mtu mwingine akaitumia? Yuko anayemtunzia mama yake hesabu za mwani kule Kibuyuni. Yuko anayefungua kila redio iliyoharibika mtaani, na nusu ya hizo hupona. Huo ni ushahidi, na unastahili kuandikwa daftarini.

Ila asijiandikie peke yake. Mwaka 1999 wanasaikolojia David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba waliopata alama za chini kabisa katika majaribio ya mantiki na sarufi ndio waliojikadiria juu mno kupita uwezo wao. Mwalimu, au fundi aliyemwona mtoto akifanya kazi, atazame daftari hilo pia. Hata mfumo wenyewe hautegemei kipimo kimoja: KJSEA ni asilimia 60 tu ya alama za mwisho; 20 hutoka kwa mtihani wa Gredi ya 6, na 20 kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Mzazi anaweza kuziomba tathmini hizo mapema.

Na mtoto azione kazi zenyewe. Gazi si mbali. Huko mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwanzoni mwa miaka ya 2010, unatunza hekta 117 za mikoko. Vijiji vya Gazi na Makongeni vimetumia mapato yake kwa maji na shule. Mwanafunzi akiona watu wakipima unene wa miti topeni na kuingiza namba katika hesabu za kaboni, mkondo wa sayansi hauwi tena koti jeupe la daktari pekee. Shule zinazopeleka watoto ufuoni kila mwaka zingeweza kugeuza safari moja tu ielekee Gazi.

Waliomaliza shule zamani nao wana mlango wao. Fundi wa mashine za boti wa Shimoni, aliyejifunzia kazi ufukweni, anaweza kuomba ujuzi wake utambuliwe rasmi. Miongoni mwa hatua za mwanzo ni kujitathmini: kazi gani anaiweza, na ana ushahidi gani. Kisha watathmini humtaka aifanye mbele yao.