Jokofu Likigoma, Nani Alipe?

Mada iliyowasilishwa kwa wananchi na wafanyabiashara wadogo wa Mungaa, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida



Nimetumwa na Tume ya Ushindani kuzungumza nanyi juu ya jokofu, au friji kama tulivyozoea kuliita. Katika duka dogo la kijijini, jokofu mara nyingi ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote. Limenunuliwa kwa fedha ya alizeti au ya kuku, na linatazamiwa kurudisha fedha hiyo kidogo kidogo kwa soda, maziwa na barafu. Likigoma, hasara haisubiri. Na kwa mgonjwa wa kisukari anayehifadhi nyumbani insulini ambayo haijafunguliwa, dawa inayopaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi bila kuganda, hasara hiyo si ya fedha peke yake.

Naomba nianze na kosa la nyumbani kwetu. Mama yangu anauza juisi na barafu. Siku moja jokofu lake liliacha kupoza. Fundi akaja, akasikiliza, akasema kompresa imekufa. Mama akalipa, kompresa ikabadilishwa, fundi akaondoka na ile ya zamani. Baada ya wiki mbili jokofu likagoma tena kwa dalili zilezile. Fundi wa pili alipofungua soketi ya ukutani alikuta waya umelegea na kuungua. Kumbe jokofu lilikuwa halipati umeme wa kutosha tangu mwanzo. Mama hakuwa na risiti, hakuwa na maandishi ya fundi, wala hakuwa na ile kompresa ya zamani ili ipimwe. Hakuwa na pa kushika.

Neno ninalotaka mwondoke nalo leo ni hili: kabla hujalipa, tafuta chanzo, kwa sababu chanzo ndicho kinachoamua nani alipe. Wapo watuhumiwa watatu: umeme, mahali, na mashine yenyewe. Tuwachunguze kwa zamu, tukianza na yule ambaye uchunguzi wake ni rahisi zaidi.

Mtuhumiwa wa kwanza: umeme

Umeme wa gridi yetu ni wa volti 230. Wengi wetu tukitaka kujua kama soketi ina umeme tunachomeka chaja ya simu. Simu ikiingia chaji, tunasema umeme upo. Ushahidi huo ni dhaifu. Chaja nyingi za simu hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo simu itajaa hata pale ambapo umeme ni mdogo mno kwa kompresa. Kompresa isiyopata nguvu ya kutosha huunguruma kidogo, hutoa mlio wa "tak", hunyamaza, kisha hujaribu tena baada ya dakika chache. Ukisikia hivyo, chomoa jokofu. Mwombe fundi umeme apime volti katika soketi wakati jokofu linapojaribu kuwaka, si wakati limezimwa, kwani soketi iliyolegea huonekana nzima mpaka inapobebeshwa mzigo. Plagi yenye moto au alama ya kuungua ni jibu tosha.

Umeme ukikatika na kurudi, usiruhusu jokofu kuwaka papo hapo. Liache limezimwa angalau dakika tano ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba utulie. Kipo kifaa cha kuchomeka kati ya soketi na jokofu ambacho huchelewesha umeme unaporudi na huukata unapopanda au kushuka kupita kiasi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kompresa.

Iwapo vifaa vya nyumba kadhaa vimeungua kwa wakati mmoja, andika tarehe na saa, piga picha, toa taarifa TANESCO siku hiyohiyo na utunze namba ya taarifa yako. Usiporidhika na majibu, malalamiko hayo yanapelekwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Namba ya taarifa ndiyo itakayoonyesha kwamba ulianza pale panapostahili.

Majokofu ya betri na ya gesi

Wapo kati yetu ambao nyumba zao ziko mbali na nguzo, na wanatumia sola. Hao hukutana na majokofu madogo ya volti 12 yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya safari na matela ya kulala, zile nyumba ndogo zinazokokotwa na gari. Ni majokofu mazuri, lakini yapo ya namna mbili, na asiyezijua hununua moja akidhani ni nyingine.

Namna ya kwanza ina kompresa. Hili likigoma, tazama waya kwanza. Chukulieni jokofu linalotumia ampea 5, lililo mita 10 kutoka kwenye betri, kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba. Umeme huenda na kurudi, yaani mita 20, na njiani hupotea zaidi ya volti 1. Betri ina volti 12.4, jokofu linapata 11.2 au 11.3, na wakati wa kuwaka hupungua zaidi. Kinga yake ya ndani inakata. Mwenye duka analaumu betri, anabadilisha betri, na tatizo linabaki. Dawa ni kusogeza jokofu karibu na betri au kuweka waya mnene zaidi.

Namna ya pili haina kompresa. Hupoza kwa joto, ama la mwali wa gesi ya kupikia, ama la umeme. Halina muungurumo, kwa hiyo ukimya wake si ugonjwa. Lakini lina masharti mawili. La kwanza, lazima likae sawasawa. Likiinama, kimiminika cha ndani hakizunguki na halipozi. Weka bakuli la maji juu yake, utaona limeinamia upande gani. La pili, likiwashwa kwa betri hula umeme mfululizo. Linalotumia ampea 10 litamaliza nusu ya betri ya ampea-saa 100 kwa muda wa saa tano tu. Basi asiuziwe mtu jokofu la namna hii kwa maneno kwamba litafanya kazi usiku kucha kwa sola ndogo. Na likitumia gesi, lisiwekwe kamwe katika chumba cha kulala au chumba kisichopitisha hewa. Moshi wake usioonekana unaweza kuua.

Mtuhumiwa wa pili: mahali

Jokofu halitengenezi baridi; huchukua joto lililo ndani na kulitupa nje, kwa kawaida kupitia wavu wa mabomba ulio nyuma. Likibanwa ukutani, likipigwa na jua la mchana, au wavu ukifunikwa na vumbi la kiangazi tunalolijua vizuri hapa Singida, joto hilo halina pa kwenda. Liache nafasi ya upana wa kiganja nyuma na pembeni. Kila baada ya miezi michache, chomoa umeme na ufute wavu kwa brashi laini.

Kisha pima mpira wa mlango. Bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, hewa ya joto inaingia. Usha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukiwa umepasuka, badilisha mpira, si jokofu. Barafu ikijaa, zima jokofu iyeyuke yenyewe. Usichokonoe kwa kisu, maana tobo moja katika bomba la ndani laweza kuwa mwisho wa jokofu zima.

Yakiwa sababu ni haya, mlipaji ni wewe mwenyewe. Habari njema ni kwamba mara nyingi malipo yake ni brashi na maji ya sabuni.

Mtuhumiwa wa tatu: mashine

Umeme ni mzima, mahali panafaa, na jokofu bado halipozi: sasa mwite fundi wa majokofu. Jihadharini na sentensi moja, "gesi imeisha." Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ingeweza kukaa humo miaka yote ya uhai wa jokofu. Ikipungua, ipo mahali inavuja. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta na kuziba uvujaji anakuuzia nafuu ya wiki chache. Aidha, majokofu mengi mapya hutumia gesi iliyoandikwa R600a, ambayo hushika moto. Isifanyiwe kazi karibu na jiko wala na asiyejua tahadhari zake.

Muulize fundi maswali matatu kabla ya kazi. Chanzo ni nini, na umekijuaje? Gharama ni kiasi gani, kifaa na ufundi? Kazi hii ina dhamana ya muda gani? Majibu yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na yatiwe sahihi. Kifaa kilichotolewa ubaki nacho wewe.

Wakati mkitafuta chanzo, msisahau kilichomo ndani. Jokofu lililofungwa bila kufunguliwa hutunza baridi kwa takriban saa nne. Baada ya hapo nyama, samaki na maziwa visiuzwe kwa sababu tu havijanuka. Vijidudu vingine havibadilishi harufu wala ladha. Insulini iliyopata joto au kuganda isitumike kabla ya kuuliza hospitalini.

Kutengeneza au kununua jingine

Termostati, mpira wa mlango, swichi ya kuwashia kompresa: hivi hutengenezwa. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa jokofu, au kompresa iliyokufa katika jokofu kuukuu, hapo pigeni hesabu. Ushauri wangu: gharama ikizidi nusu ya bei ya jokofu jipya la ukubwa huo, fedha hiyo iwe mwanzo wa kununua jingine.

Ukinunua, soma kibati kilicho nyuma au ndani kabla ya kutazama rangi. Kiseme volti 220 hadi 240 na hezi 50. Kikisema volti 115 na hezi 60, jokofu hilo lilitengenezwa kwa umeme wa nchi nyingine, kama Marekani, na soketi yako italiunguza. Kikitaja gesi R12, liache: ni gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 hata nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana nayo kufikia mwaka 2010. Litake jokofu liwashwe dukani mpaka uone linapoza. Lisafirishwe likiwa wima. Likilazwa njiani, lisimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na waranti iliyoandikwa muda na masharti yake. Ahadi ya mdomo muuzaji huisahau, na shahidi husafiri.

Haki yako

Mtaona katika maduka mengi kibandiko kisemacho kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kibandiko hicho hakiwezi kukunyima haki uliyopewa na sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na matumizi ya bidhaa. Sheria zetu pia zinataka bidhaa iwe na ubora unaokubalika na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Kwa hiyo ukinunua, sema wazi: "Nataka jokofu litakalofanya kazi usiku kwa betri yangu hii." Ukisema hivyo naye akakuhakikishia, amebeba wajibu. Lakini sheria haimlindi aliyeonyeshwa kasoro dukani akaikubali kwa punguzo la bei, kisha akairudisha kwa kasoro ileile.

Jokofu likiwa na kasoro, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti, waranti na maandishi ya fundi. Usilifungue wala kulitengeneza kwingine kabla hajaliona. Eleza unachotaka: litengenezwe, libadilishwe au fedha irudi. Malalamiko yawe kwa barua, nawe ubaki na nakala. Akikataa au akinyamaza, lete nakala hizo kwa Tume. Mlalamikaji mwenye karatasi tatu husikilizwa haraka kuliko mwenye hasira nyingi.

Ndugu zangu, mama yangu leo ana bahasha iliyotundikwa kwenye msumari nyuma ya jokofu lake. Ndani yake mna risiti, waranti, namba za taarifa na maandishi ya mafundi. Haikumgharimu kitu. Nawaomba kila mwenye jokofu hapa Mungaa akirudi nyumbani leo atundike ya kwake, na karatasi ya kwanza kuingia humo iwe ile aliyoandika yeye mwenyewe kutoka kwenye kibati: volti, hezi, aina ya gesi, na tarehe aliyonunua.

 Sasa nakaribisha maswali, na nitaanza na wazee.