Mapigo ya Moyo Wakati wa Mapumziko na Afya ya Mwanaume wa Kipawa



Mashine ya presha ikishamaliza kubana mkono huonyesha namba tatu. Mbili za juu ni presha yenyewe, na wengi wenu mnazifahamu. Ya tatu, ile ya chini kabisa, ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika. Hiyo tunairuka: mhudumu haitaji, mgonjwa haiulizi. Nimekuja kuitetea namba hiyo.

Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo 60 hadi 100 huhesabiwa kuwa ya kawaida. Kwa maoni yangu wigo huo ni mpana mno. Kule Copenhagen, watafiti walianza kuwafuatilia wanaume wafanyakazi wa makampuni 14 mwaka 1970. Waliwapima tena katikati ya miaka ya 1980, kisha wakasubiri miaka 16 waone nani yu hai na nani ametangulia. Matokeo yalitoka 2013. Wenye mapigo 81 hadi 90 walikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya wale wasiozidi 50. Waliopita 90, mara tatu. Tofauti hiyo ilibaki hata stamina ya kila mmoja ilipozingatiwa. Paris nako, wanaume waliozidi mapigo 75 walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla.

Mtasema hao ni Wazungu. Basi twende Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe. Watafiti waliwavalisha vifaa vya kuhesabu mapigo, na mwaka 2017 wakaeleza kwamba watu hao hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika shughuli zinazoupa moyo kazi hasa. Dalili za hatari ya maradhi ya moyo zilikuwa chache kwao, hata kwa wazee.

Sasa tujitazame. Kijana wa bodaboda hapa Kipawa yuko kijiweni tangu alfajiri, anarudi usiku kiuno kinamuuma. Ukimwambia afanye mazoezi anaona unamdhihaki. Lakini kuchoka na kufanya mazoezi ni mambo mawili. Siku nzima amekaa, miguu haijafanya kazi, moyo haujasukumwa. Dereva wa lori wa Barabara ya Nyerere na mlinzi wa usiku wako hivyo hivyo. Halafu uchovu huo tunautibu kwa vinywaji vya kuongeza nguvu na sigara, na vyote viwili huupeleka moyo mbio zaidi.

Moyo uliozoea mazoezi hutoa damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo haulazimiki kupiga mara nyingi. Mwenye mapigo 60 hupiga 86,400 kwa siku. Mwenye 90 hupiga 129,600. Hata hivyo, namba kubwa pekee isikutie hofu. Malaria, upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kukosa maji mwilini, hata wasiwasi, vyote huipandisha.

Jipime asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, kabla ya kahawa. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake. Rudia siku kadhaa, uandike. Ukiona kila siku unazidi 80 na huna homa, kapime presha, sukari na wingi wa damu, kisha anza kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Mapigo yakizidi 100, yakirukaruka, au yakishuka chini ya 50 huku unasikia kizunguzungu, usingoje. Hospitali ya Dar Group pale TAZARA iko chini ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2022. Mabingwa wa moyo wako jirani.

Utafiti wa presha wa hapa Ilala, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kati ya kila watu watano wenye presha ya juu, hakufika hata mmoja aliyejua kuwa anayo. Kwa hiyo naomba tutoke na azimio moja: kila mwanaume atakayepimwa presha Kipawa atajiwe pia mapigo yake, na yaandikwe kwenye daftari lake.