HESABU ZA SILAHA ZA URUSI WAKATI WA VITA: JE, ZAAMINIKA?

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba, mojawapo ya mazungumzo yetu juu ya mambo ya dunia.)



Tarehe 4 Juni, 1942, Hitler alikwenda Finland kumpongeza Mannerheim, mkuu wa majeshi ya nchi ile, aliyekuwa akitimiza umri wa miaka 75. Sehemu ya mazungumzo yao ilinaswa kwa siri katika mashine ya sauti, nayo yasikika mpaka leo. Hitler alikiri kwamba hakupata kudhani ya kuwa Warusi walikuwa na vifaru vya vita vingi kiasi kile. Lau jenerali wake angalimwambia kwamba dola moja yaweza kutokea na vifaru 35,000, angalimwona jenerali huyo amerukwa na akili. Naye Guderian, jenerali wake mwenyewe, alikuwa amekwisha kuandika katika kitabu cha mwaka 1937 kwamba Warusi walikuwa na vifaru kama 10,000, wala maneno yake hayakuaminiwa.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini vimeundwa vingapi, na ni nani aliyevihesabu? Hilo ndilo neno nitakalo kuwaelezeni.

Vita vilipokwisha, tarehe 9 Februari, 1946, Stalin alihutubia wapiga kura mjini Moscow. Alisema kwamba katika miaka mitatu ya mwisho ya vita, viwanda vya nchi yake vilitengeneza kila mwaka zaidi ya vifaru na magari ya deraya 30,000, ndege zipatazo hata 40,000, na mizinga ya kila namna ipatayo hata 120,000. Kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini dunia haikuwa na njia ya kuyapima maneno hayo. Wenye kuipenda dola ile waliyasadiki yote, na wenye kuichukia waliyakataa yote. Dola ya Sovieti ilipovunjika mwaka 1991, makabati ya siri yalifunguliwa, na wataalamu wakaingia kusoma.

Mnajua, ndugu zangu, hila ya karani mdanganyifu wa chama cha wakulima. Huandika vitabu viwili: kimoja cha kuwasomea wanachama mkutanoni, na kingine cha kweli akifungie sandukuni. Watu wengi walidhani kwamba Warusi nao walifanya hivyo. Wataalamu walipotazama katika makabati hawakuviona vitabu viwili. Hesabu za silaha zilizotangazwa zilikuwa, kwa jumla, zile zile walizozitumia wakubwa wenyewe kwa siri katika kuendesha vita. Kitabu kilikuwa kimoja. Lakini si kurasa zote zilizosomwa hadharani.

Kwa nini hesabu ya silaha ilielekea kuwa ya kweli? Kwa sababu kifaru huhesabika kwa kichwa, kama ng'ombe, na kilikuwa na watu wawili wa kukihesabu. Katika kila kiwanda cha silaha walikaa maofisa wa jeshi ambao kazi yao ilikuwa kukagua mali na kuitia sahihi kabla ya kupokewa. Mameneja wa viwanda walisukumwa sana na amri za serikali, na wengine wao walizidisha hesabu zao. Hata hivyo ilikuwa vigumu kuandika kifaru kisichokuwako huku jeshi likikingojea vitani.

Sasa tuzitazame kurasa ambazo hazikusomwa.

Kwanza, maana ya maneno. Ndege 40,000 zilipatikana katika mwaka 1944. Mwaka 1943 zilikuwa kama 35,000. Tena katika zile 40,000, za kupigana zilikuwa kama 33,000. Zilizobaki zilikuwa za kufundishia marubani, za mizigo na za kazi nyingine. Neno "zipatazo hata" halikuwa uongo, lakini msikilizaji mwenye haraka alielewa zaidi ya yaliyosemwa.

Pili, kilichotengenezwa si kilichobaki. Mkulima avunaye magunia ishirini, na panya wakala kumi na tisa, ana gunia moja tu ghalani. Mwaka 1993 Jenerali Krivosheev na wenzake walitoa kitabu cha hasara za jeshi lile. Kitabu hicho chaeleza kwamba vita vilipoanza, tarehe 22 Juni, 1941, jeshi lilikuwa na vifaru kama 22,600, na kabla ya mwaka kwisha vilikuwa vimepotea kama 20,500. Mwaka 1943 viwanda vilitoa vifaru na mizinga ya kujiendesha kama 24,000; katika mwaka huo huo zikapotea kama 23,500.

Tatu, idadi haisemi habari za ubora. Mnamo Juni 1943, kabla ya vita vya Kursk, ngozi ya mabawa ya ndege nyingi za aina ya Yak ilianza kubanduka kwa sababu ya rangi mbovu. Kitabuni zilihesabiwa kuwa ndege kamili, lakini hazikuweza kuruka kwa salama mpaka zilipotengenezwa upya.

Nne ni msaada wa wenzi wao. Voznesensky, mkuu wa mipango ya uchumi, aliandika baada ya vita kwamba mali iliyoletwa na washirika ilikuwa kama asilimia 4 tu ya mali iliyotengenezwa na viwanda vya Urusi. Hapo hesabu si ya vichwa tena, ni ya bei. Na bei zilizotumiwa na Warusi katika kuhesabu mazao ya viwanda vyao zilikuwa za mwaka 1926 na 1927, ambazo zilikuza mno thamani ya vitu vipya. Tena asilimia moja ya vitu vyote huficha habari za kila kitu kwa nafasi yake. Kwa habari ya vifaru Warusi walikuwa na haki ya kujisifu: walivyoletewa havikuzidi sana 12,000, na walivyounda wenyewe vilikuwa kama 100,000. Lakini walipokea malori na motakaa zaidi ya 400,000, ambazo viwanda vyao wakati wa vita havikufikia idadi yake. Vichwa vya gari moshi karibu 2,000. Na chakula zaidi ya tani milioni 4. Mali hiyo ilipita Vladivostok, ilipita Iran, na ilipita bahari ya barafu ya kaskazini, ambako mabaharia wengi walizama. Kusema "asilimia 4" na kunyamaza ni kuwanyima watu hao haki yao. Marshal Zhukov mwenyewe, katika mazungumzo yaliyosikilizwa kwa siri na polisi wa serikali yake mwaka 1963, alisema kwamba bila msaada ule wasingaliweza kuunda majeshi ya akiba. Naye Voznesensky hakuokolewa na asilimia yake. Alipigwa risasi mwaka 1950 kwa amri ya serikali ile ile aliyoitumikia.

Mwisho nitaje hesabu iliyo nzito kuliko zote. Mwaka 1946 Stalin alisema watu wake waliokufa kwa ajili ya vita walikuwa milioni saba. Mwaka 1961 Khrushchev alisema walikuwa milioni ishirini. Mwaka 1990 ilitangazwa kuwa walikaribia milioni ishirini na saba. Serikali iliyojua kuhesabu mizinga yake kwa uangalifu iliwaficha wazazi hesabu ya watoto wao. Mizinga ilikuwa sifa kwa wakubwa. Maiti zilikuwa lawama.

Basi, mabibi na mabwana, mtu akikuleteeni hesabu, iwe ya dola kubwa au ya chama chenu kijijini, msiisadiki upesi wala msiikatae upesi. Mwulizeni: Ni nani aliyehesabu, na ni nani aliyekagua? Je, ni vitu vyenyewe au ni bei yake? Ni vilivyotengenezwa, au ni vilivyobaki? Kisha mwulizeni swali la mwisho: ni ukurasa gani ambao hamkusomewa?