SOMO LA REDIO: KIBERITI CHA MOTO WA BULUU

Ndugu zangu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake mbele. Maneno ya somo hili ndiyo yaliyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili yule aliyesikia apate kusoma mwenyewe polepole, na yule ambaye hakusikia asipitwe.

Leo twazungumza habari za kitu kidogo kinachokaa mfukoni. Wengi wenu mmekwisha kukiona sokoni Mbeya, au kwenye meza za wauzaji wadogo Iringa mjini. Ni kiberiti cha gesi, lakini si kile cha kawaida. Ukikibonyeza hakitoi ulimi wa manjano unaochezacheza kama wa mshumaa. Hutoa moto mwembamba wa buluu, umenyooka kama msumari, nao huvuma. Wauzaji hukiita majina mengi. Sisi leo tutakiita kiberiti cha moto wa buluu.

Huko Ulaya na Marekani kiberiti hiki hupendwa na wavutaji wa sigaa, yaani zile sigara nene zilizoviringwa kwa majani matupu ya tumbaku. Sigaa ni nene, haishiki moto upesi, tena hunusa upesi harufu ya mafuta. Kwetu sigaa si kitu cha kila siku. Tumbaku ya mvuke inayolimwa kule Chunya huenda kwenye sigara za kawaida. (Wala simshawishi mtu avute, tumbaku huharibu mapafu na moyo, iwe nene au nyembamba.) Hapa Nyanda za Juu kiberiti hiki kimepata kazi nyingine: kuwasha jiko la mkaa barazani penye upepo, kuyeyusha ncha ya kamba ya nailoni isifumuke, kupasha moto kitu kidogo katika kibanda cha fundi. Ni chombo chema. Lakini ni chombo chenye tabia yake, na asiyeijua tabia hiyo atatupa fedha, au ataunguza kitu kisichorudi.

Kwanza tujue namna kinavyofanya kazi. Ndani yake mna gesi iitwayo butani, iliyobanwa hata ikawa kama maji. Ukibonyeza, gesi hutoka kwa kasi katika tundu dogo sana, na njiani huvuta hewa kwa vitundu vilivyo ubavuni. Hewa na gesi huchanganyika kwanza, kisha huwaka. Kwa sababu hiyo moto wake huwa wa buluu, mkali, wenye joto kupita nyuzijoto 1,000, na upepo hauuzimi kwa urahisi. Katika kiberiti cha kawaida gesi hutoka polepole, hukutana na hewa huko huko nje, basi moto huwa wa manjano na mlegevu.

Cheche yake nayo hutoka wapi? Mna kipande kidogo kigumu kama jiwe ambacho hugongwa na nyundo ndogo kila ubonyezapo. Kikigongwa hutoa umeme kidogo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, ndio waliogundua mwaka 1880 kwamba mawe ya namna fulani yakibanwa hutoa umeme. Kiberiti cha kigurudumu hutumia njia nyingine: kigurudumu hukwaruza kijiwe, ambacho kwa kweli ni mchanganyiko wa madini uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903. Bwana huyo ndiye aliyebuni pia ule utambi wa kitambaa unaong'aa mweupe ndani ya karabai. Nayataja haya kwa kuwa karabai wazee wetu waliijua sana, wala hawakujua kwamba taa yao na kijiwe cha kiberiti vilitoka katika kichwa kimoja.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi wa milimani kuliko watu wa pwani. Mtu hununua kiberiti hiki Dar es Salaam, kinawaka vizuri mbele ya macho yake. Apanda basi, apita Mikumi, apanda Kitonga, afika Iringa au Uyole. Asubuhi abonyeza: tak, tak, tak. Cheche yaonekana, gesi yasikika ikitoka, moto hakuna. Ampigia simu muuzaji kumwambia mwizi. Muuzaji si mwizi. Iringa mjini ni kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na Mbeya kiasi cha mita 1,700. Kimo hicho hewa ni nyepesi. Mbeya imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Uwanda wa Kitulo, wenye mita 2,600 na kupita, hewa imepungua zaidi ya robo. Kiberiti chetu kinavuta hewa pungufu, lakini gesi inayotoka ni nyingi kama ilivyopimwa huko chini. Gesi ikizidi hewa, cheche hupita bila kuwasha kitu. Hata wavutaji wa sigaa wa mji wa Denver huko Marekani, ulio na kimo kama cha Iringa, hulalamika hivyo hivyo.

Dawa yake ni kupunguza gesi, na watu wengi hufanya kinyume. Chini ya kiberiti pana skrubu ndogo yenye alama mbili: + maana yake ongeza, na − maana yake punguza. Izungushe kidogo kuelekea −, ujaribu, uzungushe tena kidogo. Aghalabu moto utashika.

Baridi nayo ina lake. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi ya Makete au Mufindi, butani hutoka kwa unyonge; joto likikaribia nyuzijoto 0 hubaki maji ndani ya kiberiti. Kishike ndani ya ngumi dakika mbili, au kikae mfuko wa ndani wa koti. Usikisogeze kwenye jiko kukipasha moto, hata kama mikono yako imekufa ganzi. Na sasa geuzeni safari. Ukiwa umeongeza gesi sana kwa ajili ya baridi ya Makete, kisha ukashuka pwani, msukumo wa gesi kwenye nyuzijoto 30 ni zaidi ya mara mbili ya ule wa nyuzijoto 5. Ulimi wa moto utaruka mpaka kwenye nyusi. Kabla ya kubonyeza mara ya kwanza mahali pa joto, rudisha skrubu kwenye −, na uso wako uwe mbali.

Katika kuchagua, msivutwe na urembo. Viko vyenye ndimi mbili, tatu, hata nne za moto. Hula gesi upesi, na huku juu husumbua zaidi. Ulimi mmoja watosha. Tazama kama kuna kidirisha cha kuonyesha gesi iliyobaki, kama kuna kifuniko cha kukinga mdomo wa moto na vumbi, na kama ile skrubu yazunguka bila kukwama. Kisha bonyeza na uachie: moto ufe papo hapo. Viko vyenye kifungo cha kuufanya moto uendelee kuwaka mkono ukiwa umetoka. Hivyo ni vya fundi juu ya meza yake, si vya mfukoni. Mwisho kiweke sikioni kikiwa kimezimwa. Ukisikia mlio mwembamba kama wa nyoka, mrudishie mwenyewe. Ukifika nyumbani waweza kupaka povu la sabuni kwenye tundu la kujazia. Mapovu yakivimba, gesi yavuja. Pua peke yake isikudanganye, maana gesi ya viberiti mara nyingine haina harufu kali kama gesi ya jikoni.

Kujaza gesi ni kazi ya nje ya nyumba, mbali na jiko, taa ya mafuta, na mtu mwenye sigara. Butani ni nzito kama mara mbili ya hewa. Ikimwagika haipai juu; hushuka sakafuni, hutambaa, na yaweza kulifikia jiko lililo pembeni ambalo hukulifikiria. Kiache kiberiti kipoe. Zungusha skrubu hadi mwisho wa −. Kwa ncha ya bisibisi ndogo bonyeza lile tundu la chini mpaka gesi na hewa ya zamani itoke yote. Hewa ikibaki ndani, gesi mpya haipati nafasi, nawe utasema kopo ni bovu. Kisha geuza kiberiti chini juu, simamisha kopo juu yake, mdomo wake ukitazama chini, ulisukume likiwa wima kwa sekunde chache. Likilala upande, gesi humwagika mikononi, nayo ni baridi ya kuunguza ngozi. Ukimaliza subiri dakika tano, gesi iliyomwagika itawanyike, ndipo ujaribu moto.

Mtu asikudanganye kwamba waweza kujaza kutoka mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi ya mtungi huchanganywa na propani, na propani pekee, katika joto la kawaida, ina msukumo kama mara nne ya butani. Kiberiti hakikutengenezwa kuuvumilia. Kwa lugha iliyo wazi, unatengeneza bomu dogo na kulitia mfukoni.

Hapa ndipo kusoma kunapofaa. Chukueni kopo la gesi, mtazame maandishi yake. Mengi ni ya lugha za kigeni, lakini tarakimu na alama hazina kabila. Tafuteni mraba uliosimama kwa pembe, wenye mpaka mwekundu na ulimi wa moto ndani yake: maana yake kitu hiki huwaka upesi. Tafuteni pia 50°C: maana yake usikiache mahali penye joto la kupita nyuzijoto 50. Ndani ya gari lililofungwa juani, kwenye kioo cha mbele, joto hilo hupatikana mchana mmoja tu. Mwenye duka naye asiyapange makopo hayo dirishani juani, wala katikati ya nguo na ndoo za plastiki. Watu wa Mbeya wanakumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoteketea mwaka 2006. Sisemi lilichomwa na kiberiti. Nasema moto ukiwa sokoni hauchagui meza, na kopo la gesi huusaidia.

Kutunza ni kazi ndogo. Vumbi la barabarani na nyuzi za mfukoni huziba mdomo wa moto. Upulize, au upitishe brashi laini iliyo kavu. Gesi chafu huacha mafuta ndani. Nyunyiza kidogo juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto. Ikikauka na kuacha doa la mafuta, nunua ya namna nyingine. Usiwashe kwa zaidi ya sekunde kumi mfululizo, maana chuma cha mdomo hupata moto sana na plastiki iliyo karibu huyeyuka. Wala usikirudishe mfukoni kabla hakijapoa.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Njiti ya kiberiti ikiwashwa shambani wakati wa upepo, huzimika. Wengi wetu tumeudhika kwa jambo hilo, lakini upepo ule ulikuwa mlinzi. Siku ambayo njiti tatu zimezimika, mzee alikuwa akisema, "Basi, tutachoma siku nyingine." Kiberiti cha moto wa buluu kimemwondoa mlinzi huyo. Chawasha majani siku yoyote, hata ile siku mbaya ya Septemba au Oktoba, nyasi zimekauka na upepo wavuma kutoka bondeni. Mufindi na Njombe ni nchi ya misonobari. Shamba la Miti Sao Hill ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kandokando yake wanavijiji wamepanda miti yao wenyewe, ekari moja, ekari mbili, ndiyo ada ya shule ya mtoto na bati za nyumba. Mti wa paina una utomvu, huwaka upesi. Miaka kumi na tano ya kungoja huisha alasiri moja. Kwa hiyo ukiwa na kiberiti hiki, jipimie mwenyewe upepo kwanza: rusha vumbi kidogo juu. Likienda upande mmoja kwa haraka, kiache kiberiti mfukoni, hata kama ukanda wa kuzuia moto umekwisha fyekwa na majirani wamekuja.

Na watoto. Moto huu mchana wa jua hauonekani vizuri. Mtoto huona chuma tu, hupeleka kidole. Marekani tangu mwaka 1994 imelazimisha viberiti vya kutupa vitengenezwe hivi kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asiweze kuviwasha kwa urahisi. Vinavyofika katika masoko yetu vingi havina kizuizi hicho, basi kizuizi ni wewe: kiweke juu, mahali pasipofikiwa, si chini ya godoro. Mtu akiungua, mwagia maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika ishirini, huku mwili wake mwingine umefunikwa asishikwe na baridi ya huku kwetu. Usipake dawa ya meno, mafuta, wala majivu. Kidonda kikipita upana wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au kikiwa usoni au mikononi, mpeleke kituo cha afya.

Sasa andikeni maneno haya katika madaftari: gesi, butani, msukumo, cheche, skrubu, utomvu. Kisha chora alama ya + na ya −, na chini ya kila moja uandike utaigeuza upande gani ukiwa Mbeya, na upande gani ukiwa umeshuka Dar es Salaam. Mwalimu wa kundi apitie majibu kabla ya kipindi kijacho. Aliye na kopo tupu la gesi alilete darasani tusome maandishi yake pamoja, ila asilitoboe, na likitoka darasani lisitupwe kwenye shimo la takataka linalochomwa.