MTOTO NA MFANO WA WAZAZI WAKE
Hotuba ya katekista kwa wababa na wamama wa Kamalondo, siku za Yubilei



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii ya Yubilei. Katika sherehe kama hii tunazoea kuhesabu ubatizo, ndoa na matofali ya kanisa. Ni vema. Lakini leo tumeombwa kusema juu ya hesabu isiyoandikwa katika kitabu chochote cha parokia: yale ambayo watoto wetu wanayachukua kwetu kila siku, bila sisi kujua kwamba tunawapa.

Tutazame watoto wadogo wanapocheza katika lupango. Mmoja ni baba, mwingine ni mama. Mama anapika bukari ya udongo ndani ya kopo, baba anarudi kutoka kazini na kuuliza kwa sauti nzito: «Chakula kiko wapi?» Sauti ile si yake, ameiokota nyumbani. Mpita njia akisimama kidogo kuusikiliza mchezo ule, atajua mambo ya nyumba ile kuliko jirani wa miaka 10.

Hali kadhalika mtu wa deni anapopiga hodi. Baba anamnong'oneza mtoto: «Mwambie baba hayuko.» Mtoto anakwenda na kusema: «Baba amesema hayuko.» Sote tunacheka. Lakini siku ile mtoto amepata fundisho: kwamba uongo ni kazi ambayo baba anaweza kumtuma mtu kuifanya. Kisha sisi makatekista tunamfundisha amri ya nane, naye anatusikiliza kwa sikio moja.

Wenye elimu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 1961, kule Marekani, mtaalamu Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alitangaza uchunguzi wake. Watoto wadogo walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa ngumi na nyundo, huku akisema maneno makali. Watoto walipoachwa na mwanasesere yule, wengi walirudia mapigo yale yale, hata na maneno yale yale. Hakuna aliyewaamuru. Kuona kulitosha.

Sisi wa Kamalondo tunao ushuhuda mwingine ulio karibu zaidi, nao ni lugha yetu. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ya kutoka kusini ilipofika, na Wabenedikto wakaja Katanga pamoja na Dom Jean-Félix de Hemptinne. Watu walioitwa na kazi ya shaba walitoka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Rwanda na Burundi. Walikuja na Kiluba, Kibemba na lugha nyingine nyingi, wakasemezana kwa Kiswahili kazini na sokoni. Watoto wao wakakisikia, wakakifanya lugha ya nyumbani. Hawakungoja masomo: kabla ya kushika kalamu walikwisha kukisema. Hivyo, kwa njia ya masikio ya watoto, watu wa makabila mengi walipata lugha moja ya kumwomba Mungu.

Lakini sikio lile lile linalopokea neno la kuunganisha linapokea na neno la kutenganisha. Hatutaki kulificha hili siku ya Yubilei. Miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu, hasa Likasi na Kolwezi. Walilala vituoni wakingoja treni, na wengi walikufa. Waliitwa «bilulu», maana yake wadudu. Sisi tuliopita miaka 40 leo, tulikuwa watoto wakati ule. Basi tujiulize: mtoto wa miaka 5 akimwita rafiki wa kucheza naye kwa jina kama lile, amelitunga yeye? Hapana. Amelisikia watu wazima wakisemezana, wakidhani amelala.

Na leo, je, majina ya dharau juu ya kabila la jirani yamekwisha katika nyumba zetu? Siku ya Mungu tunapeana amani katika Misa. Jioni, mlango ukifungwa, tunasema mengine. Mtoto anayesikia yote mawili atashika lile la nyumbani, kwa sababu anaamini kwamba huko ndiko tunakosema kweli.

Hata hivyo tunayo matumaini. Wengine husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sisi hatukubali, kwa maana mtoto haigi damu, anaiga matendo. Na matendo yanaweza kugeuka. Mtume Paulo aliikumbuka imani ya Timoteo kwamba ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliita jamaa ya kikristu kanisa la nyumbani, na wazazi wahubiri wa kwanza wa imani kwa neno na kwa mfano. Mtoto mdogo anafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Mama anaushika mkono wa kuume na kuupeleka pole pole. Katekisimu huanza pale, kabla yetu.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi mambo matatu. Neno la dharau juu ya kabila lolote lisiingie nyumbani, hata kwa mzaha. Baba na mama wakikosana mbele ya watoto, wapatane pia mbele yao, ili watoto wajifunze msamaha kama walivyoona ugomvi. Na sala ya jioni isemwe kwa sauti, wote pamoja, hata ikiwa fupi.

Kanisa hili lilijengwa kwa mikono ya waliotutangulia. Lile la miaka inayokuja linajengwa sasa, kwa yale watoto wetu wanayoyasikia usiku wa leo. Mungu awabariki wababa na wamama wote wa Kamalondo, na watoto wao.